Bariere ya shantie: sheria inamshika dereva, inamshika pia anayemlipisha

Maneno kwa wamotari, wachuuzi na vijana wa Nyangwe



Kila mara kazi ya barabara inaanza, mabishano nayo inaanza. Nani ana haki ya kunisimamisha? Anilipishe ngapi? Na ile makuta inaenda wapi? Leo tunajibu, na tunaanza na upande wetu sisi wenyewe.

Code de la route yetu ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inalazimisha kila dereva kutii alama za barabara. Ukiona pembetatu yenye mstari mwekundu, na ndani yake mtu anachimba, maana yake ni moja: punguza mwendo, watu wako kazini. Yule kijana anayeziba shimo amekupa mgongo. Hana kitu cha kumlinda, paka breki yako. "Niko na haraka, soko inafungwa" si jibu.

Na kama umemgonga, hatuongei tena juu ya amande ya alama. Code pénal, kifungu cha 53, inasema aliyeua bila kukusudia anafungwa kuanzia miezi 3 mpaka miaka 2. Kama ameumiza tu, kifungu cha 54 kinampa kuanzia siku 8 mpaka mwaka 1. Na amande juu yake.

Bariere ya mvua ni vilevile. Barabara yetu ni ya udongo. Lori moja lililojaa likipita usiku udongo ukiwa bado umelowa, linachimba mifereji na kuharibu kazi ambayo watu wamefanya kwa majembe juma nzima. Anayemtilia mlinzi kitu mkononi ili amfungulie, kesho analia kwamba chumvi na sabuni zimepanda bei. Nani alizipandisha?

Sasa upande wa pili. Sheria inayotubana sisi inambana pia yule anayeshika kamba ya bariere.

Kwanza, Katiba ya 2006, kifungu cha 17: hakuna mtu wa kufuatiliwa kwa tendo ambalo sheria haikuliita kosa. Kama shantie haina alama hata moja, wala mtu wa kuonyesha njia, utaniambia nilivunja alama gani? Aliyepewa kazi ndiye wa kwanza kuweka alama, pande zote mbili, mbali kidogo na pale watu wanachimba, ili dereva apate nafasi ya kupunguza.

Pili, amande haiamuliwi kwa kuangalia sura ya mtu au mzigo wake. Code de procédure pénale, kifungu cha 9, inamruhusu OPJ kukualika ulipe ili jambo liishe bila kufika tribinali. Lakini ile pesa inalipwa kwa Hazina ya Leta, na haiwezi kupita kiwango cha juu ambacho sheria imeweka. Kwa hiyo omba karatasi. Pesa isiyo na karatasi haijafika kwa Leta, imeishia mfukoni.

Tatu, anayedai kwa jina la Leta kitu ambacho anajua hakipashwi kulipwa, naye ni mkosaji. Code pénal, kifungu cha 146, inaita jambo hilo concussion: kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 5. Linganisheni wenyewe na kile kinachomngoja motari.

Nne, ukikamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba kinataka uambiwe sababu palepale, katika luga unayoielewa. Kiswahili hapa ni luga. Na polisi haiwezi kukuweka ndani kupita saa 48.

Marekani, majimbo mengi yanazidisha faini mara mbili kwa anayevunja sheria pale watu wanatengeneza barabara. Hatukatai ukali. Lakini kule kiwango kimeandikwa, na alama iko barabarani kabla ya kufika. Ukali bila maandishi ni hongo. Wazee wetu wanalijua neno hilo: misafara iliyotoka pwani kuja huku Nyangwe ilikuwa inalipa hongo kwa kila mwenye nchi ili ipite. Tangu sheria ya 2008 iliyounda FONER, kila litri ya mafuta inatoa kitu kwa ajili ya barabara. Tumekwisha kulipa. Hatuwezi kulipa tena kwa kila kamba.

Basi tufanye nini? Wamotari, pale watu wanafanya kazi, shusha mwendo, hata kama hakuna polisi. Ukilipishwa bila karatasi, usipigane. Andika siku, mahali, pesa ngapi, na kazi ya aliyekuomba. Maandishi ya watu makumi yana nguvu kuliko kelele ya mmoja.

Halafu tutapeleka petisyo kwa administrateur wa territoire ya Kasongo. Tunaomba vitu viwili: alama kwenye kila shantie, na kibao cha Kiswahili chenye kiwango cha kila amande na mahali pa kulipia. Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki hiyo, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi 3. Tutahesabu siku.

Karatasi ya sahihi iko pale mezani. Asiyejua kuandika ataweka kidole.