Anayepitisha Pesa Anaweza Kukataa

Msikilizaji wa Kalama, ukilipa kwa M-Pesa dukani pale Kola, kati yako na mwenye duka kuna kampuni inayopitisha pesa. Nayo inaweza kukataa. Novemba 2015 Safaricom, wenye M-Pesa, iliikatia huduma Lipisha, kampuni ya kupitisha malipo, kwa kuwa ilipitisha malipo ya BitPesa, wafanyabiashara wa sarafu ya kidijitali ya bitcoin, ikisema BitPesa haina kibali cha Benki Kuu. Lakini hakuna sheria ya Kenya iliyokuwa imepiga marufuku bitcoin! Lipisha ilienda mahakamani, na Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikataa kuamuru huduma irudishwe kesi ikisubiri kuamuliwa. Wafanyabiashara wengine waliopokea pesa kupitia Lipisha waliponzwa bure, na hilo naliona dhuluma. Mwenye duka, soma masharti kabla ya kutia sahihi, na uwe na njia ya pili ya kupokea malipo.