Nani Aliyekosa?

Jioni ya leo tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya nyumba na watoto, na hasa juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu. Sisi si wahubiri, tu walimu; kazi yetu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakuwa walimu. Basi tutaanza kama walimu waanzavyo, kwa neno moja, nalo ni neno kigego.

Vijana wengi wa siku hizi hulijua neno hili kama tusi tu. Mtoto akiwa mtundu huambiwa, "Kigego wee!" na watu hucheka. Lakini wazee wanajua asili yake. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Kwa kawaida meno ya mbele ya chini hutangulia, mtoto apatapo kadiri ya miezi sita. Lakini wako wanaotanguliza ya juu, wala hapana dhara lolote katika jambo hilo. Hata hivyo, kwa Wabondei, kwa Wazaramo na kwa makabila mengine ya upande wa pwani, zamani jambo hilo lilikuwa msiba. Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika ya kuwa mtoto wa namna hiyo ama aliuawa, ama alitolewa kwa watu wengine, ama aliuzwa. Waliamini kwamba akiachwa akue, ataleta mauti juu ya jamaa zake.

Je, wazee wale walikuwa watu wakatili? Sivyo. Waliwapenda watoto wao kama sisi tuwapendavyo wetu. Waliwabeba mgongoni, waliwaimbia usiku, waliwalimia chakula. Waliogopa tu kwamba kwa ajili ya mmoja watapotea wote. Na hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri, maana ndiyo maana ya maneno yetu yote ya leo: mtu aweza kuipenda sana nyumba yake, na kwa ajili ya mapenzi hayo hayo akamtupa mmoja wa nyumba yake.

Wala mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni la Afrika Mashariki peke yake. Katika nchi ya Misri, penye mji wa kale uitwao Oxyrhynchus, wataalamu walifukua karatasi nyingi za mafunjo katika majaa ya mji ule. Mojawapo ni barua ya mwaka 1 kabla ya Kristo. Mtu mmoja jina lake Hilarion, aliyekuwa Alexandria, anamwandikia mkewe, Alis, aliyebaki nyumbani. Ni barua ya mume mwema. Anamwambia asiwe na wasiwasi wenzake wakirudi naye akabaki. Anamsihi amtunze mtoto wao mdogo. Anaahidi kumpelekea fedha mara atakapopokea ujira. Kisha, katika barua hiyo hiyo, anamwagiza kwamba akijifungua mtoto wa kiume amwache, na akiwa wa kike amtupe nje. Na baada ya agizo hilo anamwuliza mkewe atawezaje kumsahau. Tumeisoma barua hii na wanafunzi wetu mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza. Wangependa mwandishi wake awe mtu mbaya, lakini hawamwoni mtu mbaya.

Katika ulimwengu huo ndipo walipotokea Wakristo wa kwanza. Kitabu chao kimoja cha kale sana, kiitwacho Didache, kinakataza waziwazi kumwua mtoto aliyezaliwa. Hatusemi ya kuwa mioyo yao ilikuwa na huruma kuliko ya jirani zao. Walikuwa wamefundishwa jambo moja tu: kwamba uhai wa mtoto si mali ya baba, wala ya ukoo, wala ya mji, bali ni wa Mungu aliyemwumba, na kitu kisicho chako huwezi kukitupa, hata ukiwa umekabidhiwa ukitunze. Tena walikuwa na habari tunayoisoma katika sura ya tisa ya Injili ya Yohana, habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Kisha hakusimama kuhojiana nao zaidi, bali alimponya yule mtu.

Sasa tuwaambieni jambo lililotupata sisi wenyewe. Siku moja tulikuwa tukilieleza darasani neno hili kigego. Somo lilipokwisha, wanafunzi wakatoka, lakini kijana mmoja alibaki nyuma akifuta ubao uliokuwa umekwisha kufutwa. Tukamwuliza ana nini. Akasema, "Mwalimu, nyumbani kwetu yuko mtoto asiyetajwa."

Jumamosi tulifuatana naye. Baba yake ni fundi seremala, mtu wa kazi na wa sala. Ukutani palikuwa na picha kubwa iliyopigwa siku ya harusi ya binti yao mkubwa, jamaa wote wamevaa kitambaa cha namna moja. Tuliwahesabu: wazazi, bibi, na watoto watano. Wa sita hakuwamo. Siku ile alikuwa na umri wa wiki tatu, naye aliwekwa chumba cha nyuma pamoja na mtoto wa jirani, wageni wasimwone, kwa kuwa alizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Tulipofika sisi alikuwa amepata miezi miwili, naye alikuwa bado chumba kile kile.

Baba yake akatuuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumemkosea nani sisi?"

Hatukumjibu upesi. Nasi tulipofiwa na mtoto wetu wa kwanza tuliliuliza swali hilo usiku mwingi. Mwisho tulimsomea sura ile ya Yohana, kisha tukanyamaza. Aliyesema ni bibi, mama yake fundi, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Alisema, "Zamani za bibi yangu, mtoto huyu asingefika leo. Watu wale hawakusoma. Ninyi mmesoma, nanyi mmemficha. Basi mmewazidi nini?" Hapana aliyemjibu. Jumatatu alijitanda kanga yake akafuatana na mkwewe na mtoto mpaka hospitali.

Wasikilizaji, ugonjwa ule huitwa mguu kifundo. Humpata kadiri ya mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wala hauletwi na laana, wala na jicho la mtu, wala na kosa la mama. Tena una matibabu. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi huko Iowa, Marekani, aliona ya kuwa mifupa ya mtoto mchanga ingali laini, yaweza kunyoshwa polepole bila upasuaji mkubwa. Mganga huushika mguu kwa upole, huugeuza kidogo, kisha huufunga plasta ngumu toka vidoleni mpaka pajani. Baada ya wiki moja huifungua, huugeuza tena kidogo, huufunga tena. Mara nyingi hutosha plasta tano, sita au saba. Kisha watoto walio wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu, na baadaye huvikwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Viatu hivyo huvaliwa karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, mpaka mtoto apate umri wa miaka minne hivi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni mojawapo ya mahali panapotolewa matibabu haya.

Angalieni basi kazi ya nyumba katika jambo hili. Mganga humshika mtoto robo saa kwa wiki. Siku zilizobaki ni za wazazi. Viatu vikitupwa kwa sababu mtoto analia, mguu huweza kurudi kupinda. Mama peke yake huchoka. Yatakiwa baba anayekubali kuacha kazi siku ya hospitali, na bibi anayejua kumbembeleza mtoto usiku, na ndugu wasioona haya kumbeba njiani. Ndiyo maana twasema thamani ya uhai si neno la kanisani tu; ni nauli ya gari, ni saa za usingizi, ni mkono wa kuchukua.

Na hapa yatupasa kuisema kweli juu ya ustaarabu wetu mpya. Nyumba ile ilipata fedha za harusi. Walichanga ndugu, walichanga majirani, vikapatikana vitambaa na picha na chakula cha kutosha. Hatusemi harusi ni mbaya. Bwana mwenyewe alikwenda harusini kule Kana. Lakini hapana aliyeitisha mchango wa nauli ya mtoto, kwa sababu hapana aliyejua ya kuwa yupo. Wazee waliogopa mauti. Sisi twaogopa macho ya watu. Siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha, na kila jamaa hutaka ionekane nzuri mbele ya wengine. Pakiwa na mmoja anayeiharibu picha, huondolewa. Huko nako ni kutupa, ijapokuwa mtoto anapewa chakula.

Wala tusijidanganye ya kuwa kutupa kwa namna ya kale kumekwisha kabisa. Hapa Tanzania, tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo, kwa sababu waganga waongo waliwaambia watu ya kuwa viungo vile huleta utajiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ajili ya ulemavu wake. Sheria hiyo ni njema, lakini askari hawezi kuketi katika kila chumba cha nyuma. Chumba hicho hufunguliwa na wenye nyumba.

Basi tunawaombeni mambo matatu. La kwanza, mtoto akizaliwa, mtazameni vizuri toka kichwa mpaka nyayo, na mkiona tofauti yoyote mpelekeni hospitali katika wiki za kwanza. Na kama wiki zimekwisha kupita, mpelekeni vile vile. La pili, acheni kuuliza ni nani aliyekosa; ulizeni kitu gani chaweza kufanyika. La tatu ni letu walimu pamoja na wanafunzi: neno kigego tusilitumie tena kwa kumtukania mtoto. Watoto waliitwa hivyo kabla ya kuuawa.

Mtoto yule wa fundi sasa amepita mwaka. Usiku hulala na viatu vyake vya chuma, na mchana hutembea akishika ukuta. Ile picha ya harusi ingali imetungikwa pale pale, nayo haiwezi kupigwa tena. Fundi alituambia ya kuwa kila apitapo mbele yake huwahesabu watu waliomo.

Kwaherini, na Mungu azibariki nyumba zenu.