Mtini Upewe Mwaka Mmoja Tena

Jumapili ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C
Masomo: Kut. 3:1-8, 13-15, 1 Kor. 10:1-6, 10-12; Lk. 13:1-9



Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana, niliitwa alfajiri kwenye nyumba moja milimani, juu ya mji wa Lushoto. Wanyang'anyi walikuwa wameivunja usiku, wakamwua baba wa nyumba hiyo pamoja na mwanawe mkubwa. Mama hakuwapo, alikuwa amekwenda kijiji cha pili kumwuguza dada yake. Nilimkuta ameketi mkekani, halii. Aliniuliza neno moja tu: "Baba, kama ningelala nyumbani, wangekufa?" Nami, kwa haraka ya ujana na kwa kuuogopa ule ukimya, nikamjibu: "Mama, hayo ni mapenzi ya Mungu." Nilidhani nimemfariji. Kumbe yeye alisikia kwamba Mungu ndiye aliyewatuma wanyang'anyi. Ilipita miaka miwili asikanyage kanisani.

Injili ya leo yanirudisha kwenye mkeka ule. Watu walimpasha Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua walipokuwa wakitoa sadaka zao. Wadhani waliouawa walikuwa wakosefu kupita wenzao? Yesu aikataa hesabu hiyo. Awataja pia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu: nao hawakuwa na deni kubwa kuliko wengine. Jibu la mama yule lilikuwamo humo, nami nilikuwa nimelisoma mara nyingi.

Hesabu hiyo sisi watu wa Usambara twaijua. Masimulizi ya Wakilindi yaeleza kwamba Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Ndugu zake walipofiwa, walimtupia yeye lawama za vifo, wakamfukuza kwao Nguu. Huyo waliyemwita mkosi ndiye aliyekuja kuwa mfalme Vuga. Hata leo, matanga yakiisha, maneno huanza: nani alikosana na nani, mjane alikuwa wapi usiku ule. Ndugu zangu, aliyefiwa hahitaji mshitaki. Anaye tayari, moyoni mwake. Hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani mtu kwa kumwuguza dada yake. Lakini moyo humhukumu kila usiku, bila shahidi na bila rufani.

Je, hatia ya kweli haipo? Ipo, na Yesu atuita sote tutubu. Aliyeua, aliyewaonyesha wauaji njia, aliyejua akanyamaza, na akiri mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Asikate tamaa: Musa, aliyeitwa kutoka katika kijiti kilichowaka, alikuwa amemwua mtu huko Misri, na Mungu hakumtupa. Lakini uchungu wa aliyenusurika si dhambi. Hauondolewi kwa maungamo, wala kwa mahubiri. Wahitaji kutunzwa, kama mtini ule usiozaa. Mwenye shamba ataka ukatwe. Mtunzaji aomba mwaka mmoja tena, aupalilie na kuutia mbolea.

Utunzaji wa namna hiyo tumeuona katika milima yetu. Baada ya kufa mfalme Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1862, vita vya kugombea utawala viliiharibu nchi, watu wakatekwa na kuuzwa. Pwani na bara, nyumba nyingi zilivunjika kwa biashara hiyo ya watumwa. Mwaka 1896 Wakristo Waprotestanti kutoka Ujerumani walifungua Lutindi makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa namna hiyo hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini yeye yu hai na wazazi wake hawapo. Alihitaji chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kumwita kwa jina lake. Baadaye Lutindi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mpaka leo ndugu zetu Walutheri huwahudumia huko kwa dawa, na pia kwa kazi za shamba na za mikono. Huko ndiko kupalilia.

Kwenu makatekista, ambao mara nyingi mwafika msibani kabla ya padre, nawasihi: msiwe wepesi wa kufafanua. Teka maji. Leta kuni. Keti. Na arobaini ikiisha, watu wakitawanyika, rudi tena.

Mama yule hakurudishwa kanisani na padre. Jirani yake mmoja, mwanamke asiyejua kusoma, alimsaidia kulima maharage yake misimu kadhaa, wala hakumpa hotuba yoyote. Jumapili moja niliwaona wameketi pamoja katika benchi la nyuma. Baada ya Misa nilimwomba msamaha kwa neno langu lile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Swali langu bado ninalo, Baba. Nimekuja nalo."

Naam, na tuje nayo. Mungu aliyemwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake na kukisikia kilio chao, hakiogopi kilio cha mtu yeyote. Na atupe sisi subira ya mtunzaji yule, tusimkate aliyevunjika, bali tuombe kwa ajili yake mwaka mmoja tena, na jembe tulishike wenyewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.