Jiko moja, mchango mmoja: tuliyoyaona Osaka na majirani zake



Kamati ilituambia, "Ninyi mmefika Japani, njoni mtusimulie." Tumekuja kwa furaha, familia nzima, na bibi yetu yuko pale mbele anatusimamia tusiongeze chumvi. Tutawasimulia matembezi yetu kama yalivyokuwa. Mkituvumilia hadi mwisho mtaona kwa nini tumepewa nafasi siku ya harambee ya ndiva na si siku nyingine.

Wengi tunaoishi Dar es Salaam tunapita Tazara, kwenye barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Wa Kilimanjaro wanakumbuka mashamba ya mpunga ya Moshi Chini, ambayo mifereji yake ilijengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo tulipopanda ndege tuliijua Japani kama mkono unaotoa. Swali ambalo hatujawahi kujiuliza ni hili: na wao, nani aliwajengea?

Tulikwenda kwa sababu kijana wetu mkubwa alikuwa anamaliza masomo Osaka mwishoni mwa Machi. Tulikuwa baba, mama, bibi na watoto wawili wadogo. Osaka ni mji wa wafanyabiashara tangu zamani, mji wa mito na madaraja. Jioni ya kwanza kijana alitupeleka Dotonbori, penye mfereji katikati na mabango ya taa pande zote. Tukala takoyaki, vidonge vya unga vya mviringo vyenye kipande cha pweza ndani. Ni vya moto mno. Bibi alisema mandazi yao yana mifupa, watoto wakacheka mpaka watu wakageuka.

Kesho yake tukaenda kwenye ngome ya Osaka. Mnara wake ni mrefu, mweupe na kijani, umezungukwa na mahandaki ya maji na kuta za mawe makubwa kuliko basi dogo. Maua ya sakura yalikuwa yameanza kufunguka. Tulidhani tunaangalia jengo la kale. Kijana akatueleza kwamba ngome ilianzishwa na Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, lakini mnara ulichomwa vitani mwaka 1615, ukajengwa mwingine, nao ukapigwa na radi mwaka 1665 ukateketea. Tangu hapo mji ulikaa zaidi ya miaka 260 bila mnara. Mwaka 1928 meya wa mji, Seki Hajime, alitoa wazo la kuujenga tena, na wananchi wakachanga. Matajiri walitoa vya kwao, wenye senti chache wakatoa vya kwao. Katika muda wa kama nusu mwaka zikapatikana yeni milioni 1 na nusu, na mwaka 1931 mnara ukasimama. Ndio huo tuliopanda.

Siku hiyo hiyo alasiri tulitembea hadi Nakanoshima, kisiwa chembamba kilicho kati ya mito miwili katikati ya mji. Pale kuna ukumbi mkubwa wa matofali mekundu, mali ya umma. Historia yake ilitunyamazisha. Mwaka 1911 dalali wa hisa aitwaye Iwamoto Einosuke, kijana bado, aliutolea mji yeni milioni 1 ili watu wapate mahali pa kukutanika. Alikuwa amezuru Marekani na kuona matajiri wa kule wakitoa mali kwa ajili ya umma. Ujenzi ukaanza. Kisha biashara ikamgeukia, akapata hasara kubwa. Inasimuliwa kwamba watu wa karibu walimshauri aombe arudishiwe angalau sehemu ya fedha, akakataa, akisema ni aibu kudai kilichokwisha kutolewa. Alifariki mwaka 1916, kwa mkono wake mwenyewe. Ukumbi ulikamilika mwaka 1918. Hakuingia ndani yake hata siku moja.

Ndugu zetu, tulisimama pale kwa muda. Tukawaza jinsi sisi tulivyozoea, kila harambee, kugeuza shingo kumtafuta mtu mmoja mwenye uwezo aliyekaa mstari wa mbele. Tunamheshimu mtu wa namna hiyo na tunamwombea. Lakini binadamu mmoja anaugua, anafilisika, anakufa. Kazi ya watu wengi ikibebwa na bega moja, bega hilo likiteguka mzigo uko chini.

Siku ya tatu tulipanda treni kwenda Kyoto, mwendo wa kama nusu saa. Watoto walishachoka kuangalia mahekalu, hivyo tuliwapeleka kwenye jumba la makumbusho la manga, yaani vitabu vya hadithi za picha. Kuta zimejaa vitabu, maelfu kwa maelfu, na unaruhusiwa kuchukua chochote ukasome. Watoto walilala kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wakiangalia picha ingawa herufi hawazijui. Sisi wakubwa tukagundua kwamba sakafu za mbao zinalia chini ya miguu kama za shule ya zamani. Kumbe ni shule kweli: ilikuwa shule ya msingi ya Tatsuike.

Sasa sikilizeni habari ya shule hiyo. Mwaka 1869 makao ya mfalme yalihamia Tokyo, na Kyoto ikabaki kama nyumba iliyohamwa. Biashara ilididimia, watu walianza kuondoka. Mwaka huo huo, watu wa mitaa ya Kyoto walifungua shule za msingi 64, kila kundi la mitaa na shule yake. Serikali kuu ilitoa sheria ya elimu ya nchi nzima mwaka 1872. Hawa walikuwa wameshatangulia kwa miaka mitatu.

Fedha zilitoka wapi? Nyingine zilitoka kwa wenye mali, na nyingine kwenye mchango walioupa jina la "fedha ya jiko". Kila nyumba yenye jiko linalowaka ilitoa, iwe ina mtoto wa kusoma au haina. Mjane alitoa. Mzee ambaye wanawe walishakua alitoa. Na shule ikawa ya wote kweli, kwa kuwa ndani yake palikuwa na ofisi ya mtaa, mahali pa kuchanjia watoto, na mnara wa kuangalia moto.

Bibi aliposikia hayo alisema, "Basi hao wanahesabu mafiga." Ndivyo. Na sisi huko nyumbani, mjini tunahesabu nini? Kadi ya harusi ikija tunatoa bila kuulizwa mara mbili. Msiba ukitokea tunatoa, na ni vizuri. Lakini karatasi ya ndiva ikipita, mtu anasema, "Mimi sina shamba kule chini." Mwingine anasema, "Shamba langu nimelikodisha." Watu wa Kyoto wasingekuwa na shule hata moja kama kila asiye na mtoto angejibu hivyo.

Siku ya nne tukaenda Nara. Watoto wenu mkiwapeleka huko hawatasahau: kulungu zaidi ya elfu wanatembea bustanini na barabarani, hawamwogopi mtu, na ukinunua biskuti zao wanakuinamia kichwa kabla hujawapa. Mmoja aliuma kitenge cha bibi. Ndani ya hekalu la Todaiji kuna sanamu ya shaba ya Buddha aliyeketi, kimo chake kama mita 15. Sisi si waumini wa dini hiyo, tulivua kofia kwa heshima tukaangalia kazi ya mikono.

Mwaka 743 mfalme Shomu alipotangaza kazi ile, nchi ilikuwa imepitia ndui na njaa. Alikuwa na mamlaka ya kuamuru. Lakini tangazo lake lilisema kwamba hata anayetaka kuleta unyasi mmoja au konzi ya udongo apokelewe. Kazi ya kuhamasisha alipewa mtawa aitwaye Gyoki, ambaye huko nyuma serikali ilimpiga marufuku kwa kuzunguka na makundi ya watu wa kawaida. Kwa nini yeye? Kwa sababu watu walimwamini. Alikuwa amekaa nao miaka mingi akijenga nao madaraja, mifereji na mabwawa. Sanamu ilizinduliwa mwaka 752, Gyoki akiwa ameshafariki. Leo sanamu yake imesimama juu ya chemchemi mbele ya kituo cha treni cha Nara, na watu wanapeana miadi ya kukutana hapo.

Habari ya mabwawa ndiyo iliyomfanya bibi aseme, "Nipelekeni nikaone moja." Kwa hiyo siku ya mwisho hatukwenda madukani. Tulipanda treni kutoka Osaka kwenda kusini, chini ya saa moja, tukafika bwawa la Sayamaike. Ni bwawa la umwagiliaji lililochimbwa karibu mwaka 616. Wanajua mwaka huo kwa kuhesabu pete za mti wa bomba la mbao lililokutwa chini ya tuta. Kando yake kuna makumbusho, hawatozi kiingilio. Ndani wameweka kipande cha tuta lenyewe kilichokatwa kama mkate, urefu wa mita 15 kwenda juu na mita 62 kwa upana. Unaona tabaka juu ya tabaka za udongo. Tabaka la chini la waliochimba. Juu yake la Gyoki, aliyelikarabati mwaka 731. Kisha la Chogen, mwaka 1202, mzee wa miaka 80 na ushei. Kisha la mwaka 1608. Na kuendelea hadi zama za saruji.

Pale pia pana jiwe lenye maandishi la wakati wa Chogen, lililofukuliwa mwaka 1993. Linaeleza kwamba watu wa vijiji kama 50 vinavyokunywa maji ya chini ya bwawa waliomba kazi ifanyike, na kwamba watawa na watu wa kawaida, wanaume na wanawake, watoto, hata ombaomba, walivuta mawe kwa mikono yao. Bibi alitafsiriwa maneno hayo mara mbili. Kisha akauliza neno moja tu: "Kijapani msaragambo wanauitaje?"

Wazee wetu, hilo ndilo lililotuleta hapa mbele. Ndiva yetu ilichimbwa na babu zetu kwa msaragambo, bila saruji, bila mfadhili. Leo tuta limepasuka upande wa bondeni. Maji yanayojaa usiku, asubuhi nusu yameshavuja, na mashamba ya chini hayafikiwi tena. Tangawizi inasinyaa, vijana wanapanda basi. Mvua za vuli zikikuta tuta lile kama lilivyo, linaweza kwenda lote.

Hatutaki kuwaambia tuwe Wajapani. Tunachosema ni kwamba Sayamaike lina maji leo kwa kuwa kila kizazi kiliongeza tabaka lake. Wa kwanza wangeacha tu kazi nzuri wakaenda zao, na waliofuata wakaisifu bila kuigusa, pangekuwa shamba la nyasi.

Tunapendekeza kwa mkutano huu mambo mawili. La kwanza, tuhesabu majiko. Kila jiko la mtu wa kwetu, liwe Dar es Salaam, Moshi, Mombasa au Osaka, litoe shilingi 5,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, mwenye shamba na asiye na shamba, na majina yasomwe hapa mwakani pamoja na hesabu za matumizi. Mwenye kikubwa zaidi asizuiwe. La pili, mwezi wa nane anayeweza kusafiri apande mlimani siku tatu za msaragambo, hata kama ataweza kubeba jiwe moja.

Familia yetu imeshaandika majiko mawili: la hapa, na la kijana aliyebaki Osaka. Bibi ameongeza la tatu, la kwake. Daftari liko mezani kwa mweka hazina, karibu na mlango.