Tuombe Vyuo Vingapi, na Vipi?

(Maneno yaliyosemwa msikitini baada ya sala ya Isha, mbele ya wazazi na vijana waliohitimu kidato cha sita)



Wazee wetu waheshimiwa, akina mama mlioko nyuma ya pazia, nanyi vijana wetu wapenzi. Matokeo yametoka, alhamdulillah, na tangu hapo swali tunaloulizwa mlangoni mwa msikiti ni moja: niombe vyuo vingapi? Tumeona tulijibu mbele ya wote, kwani wanaouliza ni vijana, lakini wanaolipa ni wazazi.

Kuanzia mwaka 2010 waombaji walipita mlango mmoja, mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa, na sasa kila mtu huomba moja kwa moja katika chuo akitakacho na kulipa ada ya maombi huko huko. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuuma. Tunamfahamu mama mmoja muuza maandazi aliyemlipia mwanawe maombi ya vyuo saba. Vyote vilimkataa, kwa sababu kote aliomba udaktari, naye hakuwa amefaulu fizikia. Angeomba vyuo ishirini, jibu lingekuwa lile lile.

Yuko na mwingine, mwenye alama nzuri sana, aliyeomba chuo kimoja na kozi moja tu, akisema kutaja chuo cha pili ni kupungukiwa na tawakali. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni tawakali. Mvuvi anayemtegemea Mwenyezi Mungu naye hushona nyavu zake kabla ya kuingia baharini.

Ushauri wetu ni vyuo vitatu, au vinne kwa mwenye uwezo. Lakini idadi hiyo haisaidii kitu ikiwa vyote vina ugumu mmoja. Wengi husoma sharti la chini, yaani kufaulu masomo mawili kwa alama kati ya A na E yenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1, wakadhani kwamba mwenye pointi 4 amekwisha ingia. La, hasha! Hiyo ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Wakibisha wengi kuliko nafasi zilizopo, huchukuliwa wenye alama za juu. TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila kozi, masomo inayoyataka na idadi ya nafasi zake. Vijana husoma jina la kozi wakaruka ile safu ya nafasi, na hiyo ndiyo safu ya kutazamwa kwanza. Anayetaka udaktari Muhimbili ajue kwamba anashindana na vijana bora wa nchi nzima.

Basi kiwepo chuo kimoja cha juu ya alama zako, kimoja au viwili vinavyolingana nazo, na kimoja ambacho alama zako zinakizidi waziwazi. Na hicho cha mwisho kiwe chuo ambacho ungekwenda kweli. Tumewaona walioandika chuo kwa kujaza nafasi, wakachaguliwa huko, wakalia kana kwamba wamefiwa.

Tazameni pia ithibati. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Msiridhike na tangazo la redioni. Hata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, tunachokipenda na kilichoanza mwaka 2005, kichaguliwe kwa kozi iliyomo. Kuwa karibu na msikiti ni neema, lakini hakumfanyi mtu kuwa mhandisi mahali ambapo uhandisi haufundishwi.

Kuhusu fedha, kuchaguliwa na chuo si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo huombwa peke yake, kwa fomu yake, nayo huweza kutoa sehemu tu ya gharama. Baba na mtoto wakae waulizane kabla ya kuomba: mkopo ukija nusu, katika mji upi tuna ndugu wa kumpokea?

Jambo dogo ambalo limewakosesha wengi ni namba ya simu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kijana anajaziwa maombi dukani, inaandikwa simu ya mwenye duka, ujumbe unakwenda huko, na tarehe inapita. Andikeni namba ya nyumbani. Na aliyethibitisha chuo kimoja huziacha nafasi nyingine ziende kwa wenzake wanaozisubiri, kwa hiyo asicheleweshe.

Salini istikhara, rakaa mbili, mkiisha kusoma mwongozo na kushauriana na walimu. Isiwe badala ya kusoma.

Kesho baada ya Alasiri tutakaa barazani na mwongozo huo. Kila kijana aje na matokeo yake. Na wale akina baba waliokwisha kusema kwamba binti hatakwenda Dodoma kwa kuwa ni mbali, tunawaomba waje pia, pamoja na mabinti zao.