Nusu ya Uwanja, Wavu Uleule

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei kutoka vigango vya Kibaha na Kisarawe



Nimeombwa niseme juu ya haki za watu wenye ulemavu, na najua wengi wenu mmekuja mkitazamia habari ya sadaka, ya viti vya magurudumu, na ya ziara zetu kwa wagonjwa wakati wa Kwaresima. Hayo ni mema, wala siyabezi. Lakini leo naomba nianzie uwanjani, tena katika mchezo ambao wengi wetu huku Pwani tunaujua kwa jina tu: mpira wa vinyoya.

Mwezi wa Septemba 2024, mjini Paris, katika Michezo ya Paralimpiki, binti Mnigeria wa miaka 18 aitwaye Mariam Eniola Bolaji alimshinda Oksana Kozyna wa Ukraine akapata medali ya shaba. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kupata medali ya mchezo huo, si katika Paralimpiki wala katika Olimpiki. Mpira wa vinyoya uliingizwa katika Paralimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo mwaka 2021, na Bolaji hakuwako. Mwaka 2023 alipata dhahabu mjini Accra katika michezo ya Afrika ya watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata akafika Paris.

Msidhani njia hiyo ni fupi. Mchezaji wa ngazi hiyo hujikusanyia pointi kwa kusafiri kutoka shindano hadi shindano, nchi hadi nchi. Jirani zetu wa Uganda wameandaa mashindano ya namna hiyo mjini Kampala mara kadhaa, na hilo limewapunguzia Waafrika safari. Hata hivyo, asiye na nauli huweza kuwa hodari kuliko wote na jina lake lisionekane popote. Kipaji ni cha Mungu. Nauli ni yetu sisi wanadamu, na hapo ndipo swali la haki linapoanza.

Sasa sikilizeni jinsi mchezo wenyewe ulivyopangwa, maana hilo ndilo lililonifanya nilete habari hii mbele yenu. Kabla ya kushindana, kila mchezaji hupimwa na wataalamu na kuwekwa katika kundi lake: wanaotumia viti vya magurudumu, wanaosimama lakini miguu ina kasoro, wenye ulemavu wa mkono, na watu wa kimo kifupi. Bolaji yumo katika kundi la wale ambao ulemavu wa mguu huathiri sana mwendo wao. Wawili wa kundi lake wanapochezea mmoja kwa mmoja, hutumia nusu tu ya upana wa uwanja. Wa viti vya magurudumu nao ni hivyo hivyo, tena kinyoya kikiangukia karibu na wavu huhesabiwa kuwa kimetoka.

Lakini wavu haushushwi. Ni uleule, mita moja na nusu na kidogo, kwa mzima na kwa mwenye ulemavu. Pointi ni zilezile 21 kwa kila seti. Anayeshindwa ameshindwa, wala hapewi medali ya kupoza moyo.

Ndugu zangu, mimi nimesoma seminarini miaka mingi juu ya tofauti ya haki na huruma, na sikuwahi kuona imeelezwa waziwazi namna hii. Huruma isiyo na akili ingeshusha wavu. Ukatili ungemwacha mlemavu akimbie uwanja mzima, kisha useme ameshindwa kwa uvivu. Waliotunga kanuni hizi walijiuliza swali moja: ni kipi kinachomzuia mtu huyu kuonyesha uwezo wake? Hicho wakakirekebisha, na mengine yote wakayaacha.

Someni Injili ya Marko, sura ya pili. Wale watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza walikuta mlango umejaa. Hawakumwambia arudi kesho watu watakapopungua. Walitoboa dari. Nyumba ndiyo iliyobadilishwa, na sijasoma popote kwamba Bwana alilalamikia dari hiyo.

Nami niungame mbele yenu. Katika parokia moja niliyoitumikia zamani tulijenga ukumbi. Tulipima madirisha, tukabishana wiki tatu juu ya rangi ya bati, tukachagua vipaza sauti. Siku ya kubariki, mama mmoja anayetembea kwa magongo alibaki chini, kwa kuwa tulijenga ngazi saba na hatukuweka mteremko. Vijana wakambeba juu juu mbele ya watu wote, sisi tukapiga makofi. Yeye hakucheka. Makofi yale bado nayasikia.

Msiseme ni habari ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja michezo waziwazi. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Basi sheria ipo. Sijui ni viongozi wangapi humu wamewahi kuishika mkononi.

Ninyi wa Kibaha mnaishi kando ya Barabara ya Morogoro, na mnawajua vijana waliopoteza miguu kwa ajali za pikipiki. Waulizeni kama wamewahi kusikia habari ya Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Uturuki mwaka 2022, wachezaji wakikimbia kwa magongo. Ninyi wa Kisarawe mnayo nyumba, nanyi mnaijua, ambamo mtoto hutolewa nje jua likishazama ili wageni wasimwone.

Kwa hiyo naomba kila jumuiya ndogo ndogo ianze daftari. Andikeni umri wa kila mwenye ulemavu, anachoweza, na kinachomzuia. Safu hiyo ya mwisho isiachwe wazi. Wala msiulize dini. Jirani zetu wengi ni Waislamu, na ngazi haibagui.

Mchoro wa ukumbi mpya uko juu ya meza karibu na mlango. Baada ya chai tutautazama pamoja, tukianzia na ngazi.