Surua na kumbukumbu ya kinga: swali lililotoka Kasongo

Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kasongo, nchini Kongo, enzi za Zaire, juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua na wenzao ambao hawakuchanjwa. Timu ya Mradi wa Kasongo iliona kwamba chanjo iliwaokoa wengi katika umri ambao surua huua zaidi, ila faida hiyo ilionekana kupungua kadiri watoto walivyokua, na hapo likazuka swali zito: je, mtoto aliyeepushwa na surua ameahirishiwa kifo tu, ili nimonia au kuhara vije kumchukua baadaye? Mtafiti Peter Aaby na wenzake, waliofanya kazi Guinea-Bissau, walilipinga wazo hilo kwa nguvu, lakini sababu ya kulikataa iliyo wazi kuliko zote ilikuja kupatikana juu ya utando wa seli za kinga, yaani zile chembechembe nyeupe za damu zinazotambua vijidudu na kuviangamiza.

Utando huo umejaa vipokezi, ambavyo ni protini zinazonasa habari nje ya seli na kuzifikisha ndani. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba virusi vya surua hupitia kipokezi kiitwacho SLAM. Hicho ni mnyororo mmoja wa protini uliopenya utando, wenye mkia ndani ya seli na vifundo viwili nje, na kila kifundo kimekunjwa kwa namna ya kingamwili (protini za kinga zinazonasa vijidudu), kikiwa na tabaka mbili za nyuzi zilizolaliana kama mikeka miwili iliyotandikwa moja juu ya nyingine. Kwa kawaida kifundo cha mbali na utando hushikana na mwenzake aliye juu ya seli jirani, na mkia wa ndani hupeleka habari hiyo kwa protini nyingine, hata seli zikachangamka au zikatulia kwa kuafikiana. Ni kifundo hichohicho ambacho hemaglutinini, protini iliyo juu ya virusi vya surua, hukishika kwa ubavu, kama vipimo vya fuwele kwa miale ya eksirei vilivyothibitisha mwaka 2011.

Ubaya wake ni kwamba SLAM imo pia juu ya seli za kumbukumbu, zile zinazotunza ujuzi wa magonjwa ambayo mwili umekwisha kupambana nayo, na virusi vikiziingia huziua. Mwaka 2019 ilichapishwa hesabu ya hasara hiyo: watoto 77 wa Uholanzi waliougua surua bila kuchanjwa walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo, ilhali chanjo, ingawa ni virusi hai vilivyodhoofishwa, haikuwapokonya watoto kinga hiyo.

Kwa hiyo swali la 1981 linastahili kugeuzwa, kwa maana anayeachwa wazi mbele ya nimonia ni mtoto aliyeugua surua, wala si yule aliyekingwa nayo. Mtoto wa Kabambare, jirani na Kasongo, akipona surua mwezi wa tatu na kufa kwa kuhara mwezi wa nane, daftari la kituo cha afya huandika kuhara, na jina la surua halitajwi. Mlipuko ulioanza mwaka 2019 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo kufikia Januari 2020, na vifo vya namna hiyo, vinavyokuja miezi baada ya upele kukauka, havimo katika hesabu hiyo.